Kampala na Swala Aliyeipa Jina

Katika mkutano mmoja wa chama cha majadiliano hapa shuleni, hoja ilikuwa juu ya majina ya kigeni yaliyobaki katika nchi zetu, na kama yafaa kuachwa au kubadilishwa. Mifano ilikuwa mingi, tena ya karibu. Ziwa hili tunalolitazama kila siku kutoka Majanji liliitwa Victoria na Speke mwaka 1858, ingawa wenyeji wa pande zake zote walikuwa na majina yao. Waganda waliliita Nnalubaale, na hata leo huliita hivyo. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, ipo Port Victoria. Karibu na mji mkuu wetu ipo Port Bell, bandari iliyopewa jina la gavana Hesketh Bell. Ndipo mvulana mmoja aliposimama akasema kwamba hata Kampala ni jina la Waingereza: ya kuwa walipofika waliwakuta wanyama waitwao kwa Kiingereza impala, wakakiita kilima kwa jina hilo, na Waganda wakalipotoa kidogo ili liingie kinywani. Alipigiwa makofi mengi.

Mimi siku ile nilikuwa msikilizaji tu, wala haikunipasa kusema neno. Lakini hoja ile haikuniridhisha. Jambo hili si dogo. Mtoto akijifunza kwamba hata mji mkuu wa nchi yake ulikuwa hauna jina mpaka mgeni alipokuja kuutaja, amejifunza zaidi ya neno moja. Kwa hiyo nimeona vema kulitafuta jambo lenyewe kwa utaratibu, nikianza na lugha, kisha historia, kisha mnyama mwenyewe, maana yeye ndiye husahauliwa kuliko wote.

Masimulizi yanayojulikana na watu wengi husema hivi. Hapo kale, kabla ya kuwa na mji, vilima vile vilikuwa na majani mafupi na vichaka, na mabonde yake yalikuwa na maji na mafunjo. Swala walilisha huko kwa makundi. Wako wasemao kwamba kilima kile kilikuwa mahali pa Kabaka pa kuwindia. Wako wasemao kwamba swala waliwekwa pale kwa amri yake, asiwaguse mtu mwingine. Kwa hiyo kilima kikaitwa Akasozi k'Empala, maana yake kilima cha swala pala. Mpaka hapo simulizi ni moja. Hutengana linapokuja swali la nani aliyetamka jina hilo kwanza. Wengine husema Waganda, wengine husema Waingereza, Waganda wakafasiri tu.

Sasa tulitazame jina lenyewe. Katika Luganda neno akasozi ni kilima, nalo liko katika ngeli ya vitu vidogo, yenye kiambishi aka-. Kiungo chake ni ka, kama vile katika Kiswahili tusemavyo kilima cha, kisima cha, kijiji cha. Neno empala lina sehemu tatu: e- ya mbele, ambayo ni desturi ya Luganda kuitanguliza mbele ya majina, kisha m-, kisha shina lenyewe, pala. Irabu ile ya mbele mara nyingi huanguka neno linapokuwa jina la mahali au la mtu. Sisi wa upande huu wa mashariki tuna mfano mzuri: simba kwa Luganda ni empologoma, lakini mto ule ulio kati ya Busoga na nchi ya Bukedi huitwa Mpologoma, bila e. Basi chukua ka ya kilima, uitie mbele ya Mpala, utapata Kampala. Neno akasozi lenyewe limeachwa, kama vile mtu wa pwani asemavyo "naenda cha juu" na wenziwe wakajua kwamba ni kisima au kiwanda.

Msomaji aangalie jambo moja hapo. Silabi ya kwanza, ka, haina maana yoyote kwa Mwingereza. Haitoki katika neno impala, wala haikuzaliwa kwa kupotoa neno impala. Ni sarufi ya Luganda tupu. Mwingereza akikipa kilima jina hukiita kwa desturi ya lugha yake, au hukipa jina la malkia wake au la gavana wake, kama tulivyoona. Jina lenye ka mbele yake ni jina lililotoka kwa watu ambao kwao kilima ni akasozi. Vilevile ndivyo yalivyo majina mengine ya mji ule: Kasubi, Kawempe, Kabowa, Kamwokya, Kansanga. Hakuna asemaye kwamba hayo yaliletwa na meli.

Lakini mtu aweza kuuliza: mbona empala na impala zinafanana hivi? Je, Waganda hawakulichukua neno hilo kwa Waingereza? Hapa ndipo lugha inapotupa jibu la kupendeza. Neno impala si la Kiingereza. Waingereza walilipata kwa Wazulu, huko Afrika ya Kusini. Watswana, majirani wa Wazulu, husema phala, na wasafiri wa zamani wa Kiingereza waliopita kwa Watswana waliandika pallah; Livingstone aliandika hivyo. Washona husema mhara. Wanyankole husema empala kama Waganda. Na sisi wa Kiswahili tunaye swala pala. Ukiyapanga maneno haya pamoja, kutoka Natal mpaka Ankole, utaona kwamba ni neno moja la kale la lugha za Kibantu, lililokwenda pamoja na watu walipotawanyika, kila kabila likilitamka kwa ulimi wake. Mzulu na Mganda hawakuazimana. Wote wawili walirithi.

Basi neno lile lililokwea meli kutoka kwa Wazulu, likaingia katika vitabu vya Kiingereza, likarudi Afrika ya Mashariki mikononi mwa Waingereza, lilimkuta nduguye yuko nyumbani Buganda, hana haja ya kuletewa. Kwa bahati mbaya wengi wetu tulimwona yule aliyerudi safarini tukadhani kwamba ndiye mzazi.

Tena nataka kuongeza jambo ambalo si ushahidi bali ni wazo langu, na wapenda lugha walipime. Kiswahili kina tabia ya kuimeza l iliyo kati ya irabu mbili. Mganda husema enjala, sisi twasema njaa. Yeye husema okuzaala, sisi kuzaa. Yeye okutwala, sisi kutwaa. Wasamia walio hapa shuleni wanaweza kupima maneno hayo kwa lugha yao wenyewe, wataona l yao iko wapi. Sasa, tukiimeza l ya pala, tunabaki na nini? Paa. Na paa kwa Kiswahili ni swala mdogo wa msituni. Mimi naona haikosi kuwa paa na pala ni neno moja, moja limebaki pwani likapunguka, jingine likarudi kwetu baadaye kutoka bara likiwa zima. Kama ni hivyo, basi kila mtoto wa pwani amtajaye paa anaitaja nusu ya jina la Kampala.

Sasa twende kwenye historia. Mwaka 1890 Kapteni Lugard, mtumishi wa Kampuni ya I.B.E.A., alisafiri kutoka Mombasa na msafara wake wa askari wa Kisudani na Kisomali na wapagazi wa Kiswahili. Alipita Mumias, si mbali sana na hapa tulipo, akashika njia ya Busoga, akavuka mto Nile bila kungoja ruhusa ya Kabaka Mwanga. Tarehe 18 Desemba alifika mbele ya Mengo, ambako ndiko Kabaka alikokuwa amejenga makao yake. Alionyeshwa mahali pa kupiga hema, lakini hakupapenda. Akachagua mwenyewe kilima kidogo chenye changarawe, kilichokuwa hakina watu, kikitazamana na kilima cha mfalme. Siku nane baadaye, tarehe 26 Desemba, mkataba ukatiwa sahihi. Juu ya kilima kile akajenga ngome, nayo ngome ikaitwa Kampala.

Mtu akitaka kujua kwa nini kilima kile kilikuwa hakina nyumba wala migomba, wakati vilima vya jirani vilikuwa vimejaa, na afikiri mwenyewe. Mahali pa changarawe hapafai kwa migomba. Hilo ni jibu moja. Mahali palipowekwa kwa ajili ya wanyama wa mfalme hapalimwi. Hilo ni jibu la pili, na linapatana na masimulizi. Majibu haya hayapigani. Mfalme mwenye akili hutoa shamba lenye changarawe kwa wanyama, na lenye rutuba kwa watu.

Na desturi ya wafalme wa Buganda kuweka wanyama ilijulikana mbali. Richard Burton, ambaye hakufika Buganda kamwe, alipokaa Kaze, karibu na Tabora ya leo, alisimuliwa na wafanya biashara Waarabu habari za Kabaka Suna, babaye Mutesa wa Kwanza. Aliandika kwamba Suna alikuwa na wanyama wengi waliofungwa kwa ajili ya fahari yake, simba na chui na ndovu. Mfalme awezaye kuwaweka simba hashindwi kuwaachia swala kilima kimoja.

Yaliyofuata yanajulikana na kila mwanafunzi wa historia. Tarehe 24 Januari 1892 vita vilianza kati ya Wakristo wa pande mbili, wale walioitwa Wa-Ingleza na wale walioitwa Wa-Fransa, na bunduki ya Maxim ikapigwa kutoka kilimani pale. Mwanga akakimbia. Mwaka 1894 Uingereza ikatangaza ulinzi wake juu ya Buganda. Baadaye ofisi za serikali na maduka yakahamia kilima cha Nakasero, na jina likahama pamoja nayo, likaenea juu ya vilima vyote vya jirani, hata kilima chenyewe kikalazimika kuitwa Old Kampala, yaani Kampala ya Kale, ili kisichanganywe na mji uliochukua jina lake. Reli ilifika Kampala mwaka 1931. Mwaka wa uhuru, 1962, Kampala ikawa jiji.

Mwaka 1908 makumbusho ya kwanza ya Uganda yaliwekwa juu ya kilima hicho, kabla hayajahamishwa Makerere, na mwaka 1954 kuwekwa Kitante yalipo leo. Katika miaka ya 1970, wakati wa Idi Amin, ulianza kujengwa msikiti mkubwa. Kazi ikasimama kwa miaka mingi, ikaendelea kwa fedha za Libya, ikakamilika mwaka 2006. Jengo la ngome liliondolewa kileleni ili kuupisha.

Nimepanda mnara wa msikiti huo. Ngazi zake ni zaidi ya 300, na mtu wa umri wangu hupumzika mara mbili njiani, lakini anayefundisha historia ya Uganda asiache kuupanda. Kutoka juu unaona Mengo na jumba la Kabaka, Rubaga na kanisa kuu la Wakatoliki, Namirembe na kanisa kuu la Waanglikana, Kasubi yalipo makaburi ya Makabaka, Makerere penye chuo kikuu, Nakasero na Kololo. Historia yote ya nchi imekaa juu ya vilima kama wanafunzi juu ya viti. Chini yako ni mabati mekundu, mabasi madogo na pikipiki zisizohesabika. Mnyama wa porini utakayemwona ni ndege mmoja tu mkubwa, mwenye upara na mfuko shingoni, ambaye Waganda humwita kalooli. Yeye amejichagulia mji kwa sababu ya takataka zake, na hukaa juu ya miti na taa za barabarani kama karani aliyestaafu. Swala hakuna hata mmoja.

Jambo hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko lile la chama cha majadiliano. Niliwaambia wanafunzi wa darasa moja wachore mnyama aliyeipa Kampala jina lake. Wengine walichora mbuzi mwenye pembe ndefu. Walio wengi walichora yule mnyama aliye katika ngao ya taifa la Uganda, asimamaye upande mmoja wa ngao, na korongo mwenye taji upande wa pili. Lakini huyo wa ngao siye. Huyo ni kobu, ambaye Waganda humwita ensunu, mnyama wa mbuga za Murchison na Queen Elizabeth. Nchi ina ngao yenye mnyama mmoja na mji mkuu wenye jina la mwingine, na watoto huwafanya kuwa mmoja. Kwa hiyo nitaeleza tofauti zao, ili msomaji akiwaona asishindwe.

Kobu ni mnene wa kifua na shingo, kama mpiga ndondi. Ana weupe kuzunguka macho na miguu ya mbele ina mstari mweusi. Swala pala ni mwembamba, miguu mirefu, shingo nyembamba. Rangi yake ni kahawia nyekundu mgongoni, ikififia ubavuni, na nyeupe tumboni, kana kwamba alitiwa rangi mara mbili na fundi akakosa rangi ya kumalizia. Kwa nyuma ana mistari mitatu myeusi, mmoja katika mkia na miwili katika mapaja. Alama iliyo ya hakika kupita zote iko miguuni: juu ya visigino vya miguu ya nyuma ana vishungi vya manyoya meusi. Wataalamu walimpa jina Aepyceros melampus. Neno la pili, kwa Kiyunani, maana yake ni mwenye miguu myeusi. Chini ya vishungi hivyo mna tezi zitoazo harufu, na inadhaniwa kwamba harufu hiyo huwasaidia kujuana na kufuatana wanapotawanyika.

Dume ana pembe, jike hana. Pembe hupinda nyuma, kisha nje, kisha juu, na zina mapete karibu na shina. Dume hupata uzito wa kilo 53 mpaka 76 hivi, jike 40 mpaka 53. Wakishtuka huruka, na kuruka kwao ndiko kulikowapa sifa: mita tatu kwenda juu, na mita kumi kwenda mbele kwa mruko mmoja. Mtu asiyesadiki na apime mita kumi katika uwanja wa mpira, kisha ajaribu.

Jambo jingine linalofaa kujulikana ni chakula chao. Wanyama wengi wa jamii hii ama hula majani ya chini, ama hula majani ya miti. Swala pala hula yote mawili. Mvua ikinyesha hula nyasi changa. Jua likikausha nyasi huinua kichwa na kula majani ya migunga na vichaka. Kwa hiyo hapendi msitu mnene, wala hapendi mbuga tupu. Makao yake ni pale viwili hivyo vinapokutana, tena maji yasiwe mbali. Sasa rudisha mawazo yako kwenye kile kilima cha changarawe, chenye nyasi fupi na vichaka, na bonde la maji chini yake. Wala hatuna haja ya kusema kwamba swala waliwahi kujaa Buganda yote. Kilima kimoja kinatosha kutoa jina, na kitu kisichoonekana kila mahali ndicho hasa kinachotajwa. Hakuna anayekiita kilima "cha nyasi" katika nchi iliyojaa nyasi.

Wamekwenda wapi? Mji ukiongezeka mnyama hupungua, hilo halihitaji mwalimu. Leo katika Uganda makao yao makubwa ni Lake Mburo, katika nchi ya Ankole, mwendo wa kilomita 230 hivi magharibi mwa Kampala. Hata huko hawakupona kwa urahisi. Katika vita dhidi ya mbung'o, miaka ya 1950 na 1960, wanyama wengi wa Ankole walipigwa risasi kwa makusudi, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mbung'o akikosa damu ya mnyama wa porini atakufa. Baadaye, mwaka 1983, serikali ilipotangaza mahali pale kuwa mbuga ya taifa, wafugaji waliokuwa wakiishi humo walifukuzwa; serikali hiyo ilipoanguka walirudi na hasira yao, na wanyama waliilipa hasira hiyo. Mwishoni eneo la mbuga lilipunguzwa, watu wakapewa sehemu. Katika miaka ya karibuni baadhi ya swala wamechukuliwa kutoka Lake Mburo na kupelekwa hifadhi ya Katonga, ili wasiwe wamewekwa wote kapu moja.

Mtu akisema kwamba mji hauwezi kukaa na mnyama wa jina lake, na auangalie mji wa Bern, yaliko makao ya serikali ya Uswisi. Husimuliwa huko kwamba mtawala Berthold wa Tano alipoujenga mwaka 1191 aliapa kuuita kwa jina la mnyama wa kwanza atakayewindwa, na huyo akawa dubu. Wataalamu wa lugha wana mashaka makubwa juu ya simulizi hiyo. Kwa maneno mengine, ushahidi wao juu ya dubu ni hafifu kuliko wetu juu ya swala. Lakini watu wa Bern wamemweka dubu katika bendera yao, wamewafuga dubu mjini tangu karne ya 16, na mwaka 2009 waliwafungulia mahali papana kando ya mto Aare, katikati ya mji. Wao wana mashaka na dubu wanao. Sisi hatuna mashaka, na swala hatuna. Sisemi kwamba swala wapelekwe leo kulisha Nakasero. Mbwa na magari yangewamaliza kwa juma moja. Lakini mtoto wa Kampala aweza kumaliza shule bila kuiona hata picha sahihi ya mnyama huyo ukutani mwa darasa lake, na jambo hilo laweza kutengenezwa kwa karatasi na rangi.

Katika kuitafuta habari hii nilipata faida moja ambayo sikuitazamia. Niliwauliza wanafunzi wa kutoka Majanji na Busia, na wale wa Tororo, wanitajie vilima, vijito na ghuba za kwao zenye majina ya wanyama. Walitaja machache. Nikawatuma nyumbani likizo wawaulize babu na bibi zao, wakarudi na daftari. Mengine ni ya wanyama ambao hakuna mwanafunzi aliyepata kuwaona hapa: majina yamebaki juu ya ardhi kama nyayo juu ya udongo uliokauka. Mzee mmoja wa kando ya ziwa, mvuvi, alimwambia mjukuu wake jina la mwamba mmoja kisha akakataa kueleza maana yake mpaka aletewe tumbaku. Tumbaku imekwisha nunuliwa, kwa fedha ya chama cha historia, nayo imeandikwa katika hesabu zetu chini ya kichwa "Vifaa".

Kazi hiyo bado inaendelea, na wazee wa shule hii walio mbali wanaweza kutusaidia. Andikeni jina la mahali kama wenyeji walitamkavyo, si kama lilivyo katika ramani, maana waandika ramani walisikia kwa masikio ya lugha yao. Andikeni pia ni lugha gani, Kisamia, Ateso, Dhopadhola, Lugwe au nyingineyo, na nani aliyewaeleza, na kama yuko mtu mwingine anayelieleza kwa namna tofauti. Maelezo mawili yasiyopatana yana thamani kuliko moja lililonyoshwa.

Na kwa wale watakaosafiri kwenda Mbarara: basi likishapita Lyantonde, acheni kusinzia. Barabara huko hupita karibu na mbuga ya Lake Mburo, kushoto kwenu mkitoka Kampala, na swala hawajui mpaka wa mbuga uko wapi. Hulisha hata katika malisho ya watu, kati ya ng'ombe wa Kinyankole wenye pembe kubwa. Tafuteni kundi la wekundu wembamba, wengi wao bila pembe, na dume mmoja pembeni. Asubuhi na mapema, au jua likielekea kushuka, ndio wakati wake. Adhuhuri hujificha vivulini, nanyi mtaona ng'ombe tu.